Pengo la Midundo Minne

Jumamosi ile, saa kumi alasiri, watu mia tatu na ushee walisikia mtu akipigwa, wakashangilia.

Hawakujua wanashangilia nini. Wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo Fundi alikuwa ameiondoa kiki, ile ngoma ya chini kabisa inayodunda mfululizo kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia. Aliiondoa kwa midundo minne tu, ili ikirudi iwapige watu kifuani. Ndani ya pengo hilo ukasikika mshindo mmoja mzito, wa nyama juu ya nyama, halafu sauti ya mwanamume ikisema, "Nimekoma, jamani, nimekoma." Kisha kiki ikarudi. Ukumbi mzima uliruka juu kwa pamoja. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, jasho likimtiririka mpaka shingoni, alimtazama Fundi akamwonyesha dole gumba.

Fundi alikuwa amesimama jukwaani nyuma ya kompyuta yake. Kati ya wote waliokuwa ukumbini, ni yeye peke yake aliyejua kwamba sauti ile haikuwamo kwenye wimbo.

Wimbo wenyewe ulikuwa umemla wiki tatu. Kabla ya hapo Madam, mwenye ukumbi, alimwita ofisini akamwambia bila kuzunguka, "Dundo lako linazama. Watu wangu wanacheza kama wanasubiri kuonwa na daktari." Fundi hakubisha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyeanza kwa kutengeneza redio mbovu na kujifundisha muziki kwa kusikiliza, na hakuwahi kuamua jambo kabla hajalizunguka pande zote. Alichukua daftari lake akaenda kujifungia na kompyuta.

Kwanza alifanya wanachofanya wote: akaipandisha sauti ya kiki. Ikawa kubwa, lakini haikujitokeza. Ilikuwa kama mtu mnene aliyeketi kwenye chumba kilichojaa watu wanene. Akairudisha. Siku ya pili akaunganisha kiki mbili, moja yenye ncha kali na nyingine yenye tumbo, akashangaa kuona zikipigwa pamoja zinakuwa dhaifu kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ilimchukua mchana kutwa kutambua kwamba moja ilikuwa inaisukuma spika nje wakati mwenzake anaivuta ndani. Akaigeuza moja juu chini, na meza ikatetemeka. Siku ya nne akaona tatizo halikuwa kiki hata kidogo, bali besi, iliyokuwa imekaa palepale kiki ilipotaka kukaa. Akaifundisha besi adabu: kiki ikipiga, besi inainama kidogo, kisha inainuka. Akakata kila kilichokuwa kinanguruma huko chini bila kazi, hata pumzi za mwimbaji. Akaufupisha mkia wa kiki usiburuze.

Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, alikuwa anakwenda kuusikiliza wimbo kwa nyayo, viatu mkononi, akiandika ni wapi dundo linakaa na ni wapi linapotea. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na korido nyembamba ya zege inayoelekea mlango wa nyuma. Humo dundo lilijikusanya mpaka akaona tabu kuvuta pumzi. Aliandika: korido, nzito mno, si kitu, hakuna anayecheza huko.

La mwisho alilipata jikoni kwake. Friji lilikuwa linanguruma siku zote na hakuna aliyelisikia, mpaka umeme ulipokatika na mkewe akainua kichwa akauliza, "Kumetokea nini?" Basi Fundi akarudi kwenye wimbo, ambao ulikuwa umeshapigwa ukumbini Jumamosi mbili, akaondoa midundo minne.

Saa kumi na robo, wakati wa mapumziko, alishuka jukwaani akafungua mlango wa korido.

Mkuu wa mabaunsa alikuwa ameinama juu ya ndoo, ananawa. Walimwita Nyundo tangu utotoni, na alikuwa kaka wa tumbo moja wa mke wa Fundi. Kila Jumapili alikula kwao, akawabeba watoto wawili kwa mpigo, kila mmoja na bega lake. Maji ya ndoo yalikuwa mekundu. Nyuma yake baunsa mwingine alikuwa anafuta ukuta kwa kitambaa, pole pole, kama mtu anayefuta meza baada ya chakula.

"Shemeji," Nyundo alisema bila kugeuka, "leo umeniaibisha."

"Mimi?"

"Umetoa dundo bila taarifa. Ngumi ilikuwa imeshaondoka, ningeirudishaje?"

"Yule mtu yuko wapi?"

"Ametoka kwa mlango wa nyuma. Kwa miguu yake, usinitazame hivyo. Hatua za mwanzo kwa miguu yake."

"Alifanya nini?"

"Alimmwagia bia mgeni wa Madam. Akaambiwa aombe radhi, akajibu."

"Alijibu nini?"

"Hilo sikumbuki. Lakini alijibu." Nyundo alikuwa anajikausha kidole kimoja kimoja. "Sikiliza, wewe ni mtu wa kazi, utanielewa. Sisi tunapiga ndani ya dundo. La kwanza katika kila manne. Mtu akilia, kilio kinaingia humohumo, hakuna anayesumbuliwa. Zamani dundo lako lilikuwa legelege, ikabidi mmoja wetu awe anaziba mdomo. Huyu hapa aling'atwa kidole mpaka mfupani. Mwonyeshe."

Yule wa kitambaa akaonyesha kidole.

"Tangu ulete hili jipya, mambo shwari. Hata Madam anasema huku nyuma kumetulia." Akampiga Fundi begani, kwa upendo kabisa. "Siku ukitaka kulitoa tena, kohoa kwanza kwenye maikrofoni."

Fundi akatoka koridoni. Alikwenda ofisini kwa Madam. Kabla hajafungua mdomo, Madam alikuwa ameshacheka.

"Ile sauti ya nimekoma uliitoa wapi? Watu wameipenda. Iwepo kila wiki."

"Haikuwamo kwenye wimbo, Madam."

Madam aliinua uso. "Basi sasa imo," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Fundi alilizunguka jambo hilo Jumapili nzima, Nyundo akala kwao kama kawaida; Jumatatu jioni, mezani, akayasema yote. Huenda hapo ndipo alipokosea, maana mdogo wake alikuwa amekaa palepale. Mdogo huyu alikuwa mpaka rangi za nyumba, akiishi nao mwaka wa tatu sasa, na rangi haikumtoka masikioni hata aoge vipi. Alikuwa mgomvi wa mdomo tu. Mikono yake haikuwahi kumpiga hata kuku. Alisikiliza huku anatafuna. Aliposikia habari ya kukohoa kwenye maikrofoni alicheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Kwa hiyo wao wanapiga," alisema, "na wewe ndiye unayewapigia ngoma."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Jumamosi utawapigia?"

Mke wa Fundi aliweka kijiko chini. "Kaka yangu alilelewa kwa mkanda. Baba alikuwa akimaliza kumpiga anamtuma maji ya kunawa. Nitazungumza naye Jumapili."

"Jumapili inakuja baada ya Jumamosi, shemeji. Mtu mwingine atakuwa ameshafutwa ukutani." Akamgeukia Fundi. "Mimi nitakuja. Wimbo ukipamba moto naufungua ule mlango, wazi kabisa, watu waone wenyewe. Nani atampiga mtu mbele ya watu mia tatu?"

"Usije," Fundi alisema. "Nakuomba."

"Nakuja kucheza tu, kaka. Tangu lini kucheza kukawa kosa?"

Toka jioni ile Fundi alikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa na masikio yenye rangi. Aliijua mikono ya Nyundo. Aliwahi kuiona ikifungua chupa kwa kuivunja shingo. Jumatano alimpigia simu.

"Mdogo wangu akija, naomba usimguse. Hata aseme nini."

"Yule ni mtoto wa nyumbani, aseme anavyotaka," Nyundo alijibu. "Ila mlango wangu asiushike, shemeji. Mlango ni kazi."

Alhamisi alifikiria kuugua. Ijumaa alifikiria kuiondoa kiki kabisa, apige muziki usio na dundo, afukuzwe. Kila wazo alilizunguka, akaliandikia uzuri wake upande huu wa ukurasa na ubaya wake upande ule, na Jumamosi ikamkuta hajaamua. Hakuwa mtu wa papara. Tabia hiyo ilikuwa imemfaa sana kwenye sauti, ambazo zinasubiri. Alichofanya tu ni kuliziba lile pengo, kiki ipige mwanzo hadi mwisho, ili walau pasiwe na mtu wa kushangilia.

Mdogo wake aliingia saa tisa, amevaa shati lake jeupe la kazini lenye madoa. Alicheza kweli. Alicheza vibaya, magoti yakienda huku na mabega kule, mpaka waliomzunguka wakaacha kucheza wakamcheka, naye akazidisha. Fundi akaanza kupata nafuu. Kisha wimbo ule ukaanza, na akaliona shati likipenya katikati ya watu kuelekea upande wa kushoto wa jukwaa. Mdogo wake aliinua uso, akamkonyeza, akashika kitasa, akafungua.

Kwa muda mfupi mwanga wa ukumbi uliingia koridoni. Ikatoka mikono miwili. Mmoja ulishika shati kifuani, mwingine ukashika nywele, na shati likaingia ndani. Mlango ukafungwa. Watu waliokuwa karibu walidhani kijana amekwenda msalani.

Midundo mia na ishirini kwa dakika. Wa kwanza katika kila minne ni kila baada ya sekunde mbili. Fundi aliijua hesabu hiyo kama anavyoyajua majina ya wanawe, na sasa hakuweza kuacha kuihesabu. Hapo. Na hapo. Hakusikia chochote, bila shaka. Alikuwa amefanya kazi wiki tatu ili asisikie chochote. Kiki ilisimama peke yake mahali pake, safi, nene, na kila kitu kingine kikaiinamia. Hapo tena. Msichana wa mstari wa mbele alikuwa amefumba macho.

Akaitoa kiki.

Kupitia ukuta ukaja mshindo, na nyuma yake sauti ya mdogo wake. Halikuwa neno. Ilikuwa hewa tu inamtoka mtu.

Ukumbi ulilipuka. Hicho ndicho walichokisubiri wiki nzima. Mikono ikapanda juu, wakangoja midundo yao minne. Fundi hakuirudisha. Akaitoa besi. Akamtoa mwimbaji. Akaondoa kimoja baada ya kingine mpaka ukumbi ukawa mtupu kama asubuhi, kisha akainamia maikrofoni.

"Wanampiga mtu," alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Hapa nyuma. Wanampiga mdogo wangu."

Walipiga makofi. Mtu mmoja alipiga mluzi. Msichana akakunja viganja mdomoni akaita, "Rudisha." Na kwa kuwa walikuja kucheza, na miili yao haikuwa imeambiwa iache, wakaanza kukanyaga. Mmoja, kisha kumi, kisha wote, mguu mmoja kwa pamoja juu ya sakafu ya mbao. Jukwaa lilitikisika. Lilikuwa dundo zito kuliko lolote alilowahi kulitengeneza. Lilikuwa na ncha, lilikuwa na tumbo, na hapakuwa na besi ya kulizuia. Fundi alijua, kama vile ukuta ungekuwa wa kioo, kwamba huko koridoni kulikuwa na ngumi iliyokuwa imesita hewani tangu muziki ulipokatika, na kwamba sasa imepata tena pa kuingilia.

Aliing'oa stendi ya maikrofoni, ile yenye kitako cha chuma cha mviringo, akaruka chini, akafungua mlango.

Baunsa wa kidole alikuwa amembana mdogo wake mikono kwa nyuma. Uso wa mdogo wake haukuwa tena na mpango wa uso. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na nyama, mdomo wa juu umepasuka mpaka puani, na kwenye shati jeupe palikuwa na jino lililonasa kama kifungo cha ziada. Nyundo alimpa Fundi mgongo. Bega lake lilikuwa linapanda na kushuka, linapima. Likaja la kwanza katika manne. Mbavu zililia kama kijiti kinachovunjwa ndani ya kitambaa kibichi.

"Shemeji," Fundi alisema. "Shemeji, mwache."

Alisema kwa sauti aliyokuwa nayo, na miguu ya watu ikaimeza. Nyundo akarudisha mkono nyuma tena.

Fundi alimpiga na chuma nyuma ya sikio. Nyundo aligeuka. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao, kama mtu aliyeguswa na mgeni njiani. Pigo la pili lilimpata kwenye taya, na taya likahama upande likabaki huko. Magoti yakamwisha. Alikuwa ameshakaa chini, mgongo ukutani, viganja wazi juu ya mapaja, macho yakimtafuta aliyempiga, pigo la tatu lilipomshukia juu ya kichwa. Kichwa kilitoa sauti ndogo tu. Damu ikatoka puani na masikioni kwa pamoja. Baunsa wa kidole alimwachia aliyemshika, akakimbia kwa mlango wa nyuma bila kuufunga.

Upande wa pili watu walikuwa bado wanakanyaga.

Mdogo wake aliteleza ukutani mpaka chini. Akafungua jicho lililobaki. "Umemuua?" aliuliza. Kila neno lilimtoka na povu jekundu.

Fundi alitazama. Kifua cha Nyundo kilikuwa kinapanda, kinasita, kinapanda. "Bado," alisema, na aliposikia alichokisema akaiweka stendi chini, taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika.

Aliufungua mlango wote. Akamshika mdogo wake makwapani akamburuta mpaka ndani ya ukumbi, katikati ya miguu. Waliokuwa karibu waliacha kwanza, kisha waliokuwa nyuma yao, na kukanyaga kukapungua kama mvua inayohama bati kwa bati. Msichana wa mstari wa mbele alirudi nyuma akakanyaga watu. Fundi akaingia tena koridoni. Kumwinua Nyundo kwa makwapa hakuweza, kwa hiyo alimvuta kwa miguu, kichwa kikiacha mstari juu ya mbao, akamlaza kando ya mwenzake. Kisha akakaa kati yao akawashika wote wawili vifundo vya mikono, asijue anatafuta nini. Madam alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi na simu sikioni. Hakuna aliyepiga makofi.

Hospitali iliwapa vyumba viwili vinavyopakana. Daktari alisema mdogo ataishi. Mbavu tatu, meno sita, na bandama wameitoa, lakini ataishi. Kuhusu yule mwingine, taya wamelifunga kwa waya, na hajaamka, na hawezi kusema zaidi ya hapo.

Mke wa Fundi alikuwa kwenye benchi kati ya milango miwili, na ndala za kuogea miguuni, hakukumbuka kubadilisha. Fundi alikaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kwenye kona ya korido askari alikuwa anasoma tangazo la ukutani ambalo kwa hakika alikuwa amelimaliza zamani.

"Wanasema ulimpiga mara tatu," mkewe alisema.

"Tatu."

"Ulihesabu?"

Fundi alilifikiria swali hilo kama alivyofikiria kila kitu, na mkewe akasubiri; alikuwa amezoea kumsubiri.

"Sikuhesabu. Zilikuja zenyewe. Watu walikuwa wanakanyaga, nikajikuta napiga wanapokanyaga."

"Ya kwanza ilikuwa ya kumwokoa mdogo wako."

"Ndiyo."

"Ya tatu alikuwa ameanguka."

"Alikuwa amekaa. Mikono wazi."

Mkewe alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akasimama akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Nenda kakae na mdogo wako," alisema. "Mimi nina kaka yangu." Akaingia chumba cha pili, akafunga mlango bila kuubamiza.

Askari alikuja akakaa pale alipotoka mkewe. "Ukishamwona tutaondoka, bwana mkubwa," alisema kwa adabu. "Hakuna haraka."

Chumbani mdogo wake alikuwa macho. Uso ulikuwa bandeji tupu, na ndani ya sikio, pale ambapo wauguzi hawakufikia, rangi ya kijani ya nyumba ya mtu ilikuwa bado ipo. Alisogeza vidole juu ya shuka mpaka Fundi akavishika.

"Mlango," alinong'ona. "Watu waliona?"

Fundi alivuta kiti kwa mkono ulio huru, akakaa.

"Walituona," alisema.